Taa ya Ng'ambo ya Mto

Ofisini walimwita Mama Tiki, na jina lenyewe alilitolea jasho. Kazi yake ilikuwa kukagua umeme wa sola wa vijijini, ile mitambo midogo ambayo kampuni binafsi hujenga mahali ambapo nguzo za serikali hazifiki leo wala kesho. Kampuni ikishajenga, wafadhili huilipa ruzuku kwa kila nyumba iliyounganishwa. Ila hawatoi hata senti mpaka mkaguzi wa mamlaka ya umeme aingie ndani ya nyumba, abonyeze swichi kwa kidole chake mwenyewe, aone balbu imewaka, ndipo aweke tiki kwenye fomu. Wapo wakaguzi waliotiki wakiwa wamekaa kivulini, soda mkononi, wakisomewa majina. Mama Tiki si wa hivyo. "Sijaiona, siitiki," alikuwa akisema, na meneja yeyote wa kampuni akisikia ni yeye anayekuja, alianza kuhesabu balbu zake upya.

Kwa miaka kumi na moja alitiki maelfu ya nyumba, na balbu zote aliziona kwa macho yake. Zote, ukiondoa za nyumba sitini na moja. Hizo alidhani zimeshazikwa. Kumbe zilikuwa njiani, na Jumatatu moja asubuhi ziliingia ofisini kwake ndani ya kikapu.

Mwenye kikapu alikuwa mama mfupi, mnene, wa miaka sitini na kitu, aliyevaa koti jeupe la kazi lililofuliwa mpaka likawa jepesi kama karatasi. Alikuwa amezungushwa tangu ofisi ilipofunguliwa. Mapokezi walimtuma kwa watu wa leseni, watu wa leseni wakamtuma kwa watu wa malalamiko, na watu wa malalamiko walikuwa wamekwenda kunywa chai. Mwishowe akausukuma mlango wa Mama Tiki kwa kiwiko, akajikalisha kwenye kiti cha wageni bila kungoja kukaribishwa, akashusha pumzi ndefu.

"Shikamoo, mama," alisema Mama Tiki.

"Marahaba, mwanangu. Hii ofisi yenu ina milango kuliko watu. Mimi ni mkunga. Jana nimesafiri kutwa nzima, nimelala kwa mdogo wangu hapa mjini, na sirudi kwetu mpaka nimalize jambo hili." Akataja kijiji chake, kisha akaongeza, "Siyo upande wa sokoni. Sisi ni wa ng'ambo ya mto."

Mama Tiki alikuwa ameshika kalamu. Aliiweka mezani polepole.

Mkunga aliingiza mkono kikapuni, akatoa kitu kilichofungwa kwa taulo dogo, akakifungua kwa uangalifu wa mtu aliyezoea kufungua vitu vinavyopumua. Ilikuwa mita ya umeme. Ya plastiki nyeupe, haina hata mkwaruzo, na kwenye kioo chake bado kulikuwa na ile karatasi laini ya kiwandani.

"Nimekuja kuirudisha," akasema.

"Kuirudisha?"

"Ndiyo. Usione inang'aa, naifuta kila Jumamosi. Nilisema umeme ukija usione haya kuingia nyumba chafu. Basi, umegoma. Sasa chukueni mita yenu, mnifute kwenye vitabu vyenu."

Kisha akaeleza, na Mama Tiki akasikiliza habari ambayo nusu yake aliijua kuliko msimulizi. Kampuni ilijenga mtambo upande wa sokoni, ikawasha nyumba za upande ule. Ng'ambo ilichimbia nguzo chache, ikapigilia mita, swichi na balbu katika nyumba sitini na chumba kimoja cha kuzalishia, ikaahidi kuvuta nyaya wiki inayofuata. Wiki hiyo haijafika mpaka leo. Kampuni ikalipwa ruzuku yake, ikauza mtambo kwa kampuni nyingine, wenyewe wakatokomea. Kampuni mpya ikasema imenunua kinachowaka, kisichowaka haikijui. Watu wa ng'ambo hawakukaa wakashika tama. Waliunda ushirika, wakatafuta huku na huku, wakampata mkopeshaji aliyekubali kuwajengea mtambo wao wenyewe, kwa kuanzia na chumba cha kuzalishia. Kilichobaki kilikuwa leseni. Ombi likaja mamlaka, likarudi na mstari mmoja: eneo limeshahudumiwa.

Mstari huo Mama Tiki aliujua neno kwa neno, kwa sababu kanuni yenyewe alishiriki kuiandika. Kampuni ikishapewa eneo na nyumba zake zikaandikwa kuwa zina umeme, nyingine hairuhusiwi kuingia, wasije wakagombania wateja haohao na wote wakafilisika. Kanuni nzuri, iliyotungwa na watu wenye akili zao. Ila kwenye kompyuta ya mamlaka nyumba zile sitini na moja zilikuwa na umeme. Asiye na umeme anaweza kupewa. Aliyeandikwa kuwa anao, nani atampa tena?

"Mkopeshaji anatungoja mpaka Ijumaa," mkunga alisema. "Tukikosa karatasi, pesa inakwenda kijiji kingine, sisi turudi nyuma ya foleni. Ndiyo nikakaa nikafikiri, tatizo ni hii mita. Kompyuta yenu inaona mita, inasema huyu anao. Nikaing'oa. Wenzangu nao wanataka kung'oa zao, nikawaambia tulieni kwanza, mkizing'oa zote mimi kikapu cha kuzibeba sina."

Alicheka mwenyewe. Mama Tiki alijaribu kucheka naye, akatoa sauti ya mtu aliyepaliwa.

"Mliwahi kuandika barua, mama?" aliuliza, na wakati anauliza alijichukia.

"Mbili. Kimya. Kijana mmoja hapo chini ameniambia nisijisumbue. Anasema aliyekagua kwetu ni mtu mkali, hajawahi kutiki uongo tangu azaliwe."

Barua zote mbili zilikuwa kwenye kabati nyuma ya mgongo wake. Ya kwanza aliifukia chini ya mafaili, ya pili akaifukia chini ya ya kwanza.

"Yule mkaguzi mimi simlaumu," mkunga akaendelea, akijikanda bega. "Siku ile mvua haikuwa ya mchezo, mto ulikuwa umebeba daraja letu la magogo. Tulijua anakuja, tumekaa tunamngoja. Tukaona gari limesimama upande wa pili. Nikachukua taa yangu ya betri, ile ninayozalishia, nikasimama mlangoni nikampungia. Hivi." Akainua mkono wa kulia, akaupeleka taratibu huku na huku juu ya meza. "Maana yake, tupo, umeme hatuna, zunguka daraja la chuma kule juu, sisi tunangoja. Nilipunga mpaka bega likafa ganzi. Gari likageuka, likaondoka. Hakuniona. Siku nyingine najilaumu, nasema labda sikuinyanyua juu vya kutosha."

Mama Tiki aliinama, akajifanya anatafuta kitu chini ya meza. Chini ya meza hakukuwa na kitu ila viatu vyake.

"Ningeacha kujilaumu kama si mke wa mpwa wangu," mkunga alisema, na sasa kicheko kilikuwa kimemtoka. "Mwaka jana, mimba yake ya kwanza. Taa iliisha betri katikati ya kazi. Mpwa wangu akashika tochi ya simu, mkono unamtetemeka, mwanga unaruka huku na huku. Damu sikuiona, mwanangu. Niliijua nilipoikanyaga. Mtoto yupo, ameanza kutembea. Mama yake hayupo." Alikunja lile taulo mara nne. "Haya, nipe fomu ya kurudishia mita nijaze."

Fomu ya namna hiyo haikuwepo duniani. Mama Tiki alimwambia aiache mita, arudi Alhamisi, jambo lake atalishughulikia yeye mwenyewe. Alikuwa na nafasi ya kusema hapo hapo. Mdomo aliufungua kabisa. Kilichotoka ni, "Karibu tena, mama."

"Mungu akubariki," mkunga akamjibu. "Wewe ndiye mtu wa kwanza kunisikiliza katika jengo hili."

Sasa ukweli wa siku ile ni huu, na tuuseme sisi maana mwenyewe alikuwa bado anauzunguka. Taa aliiona. Daraja la chuma lilikuwepo, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari, na dereva alipendekeza wazunguke. Lakini jioni ile wifi yake alikuwa anakuja kuona nyumba mpya, wifi yule aliyewahi kusema mbele ya ukoo mzima kwamba kaka yake hakuoa mke, ameoa fomu. Mama Tiki alitaka wifi akute sakafu imepigwa deki, vigae vinang'aa, chakula kiko mezani. Meneja wa kampuni, kijana mpole mwenye mwavuli, alimsogelea akasema, "Ng'ambo ni hivihivi, mama. Ona, hata ile pale inawaka."

Akatazama. Palikuwa na mwanga mmoja kwenye mlango mmoja, unakwenda huku na huku. Balbu iliyofungwa darini haiyumbi hivyo, hata kije kimbunga. Hilo fundi wa siku ya kwanza analijua, seuze yeye. Ule ulikuwa mkono wa mtu anayeita. Alilijua hilo palepale, akajiambia ni upepo. Akaingia garini, akatiki sitini na moja juu ya paja lake, kalamu ikigoma kwa unyevu, naye akirudiarudia mpaka zote zikaonekana vizuri. Na wifi mwenyewe hakuja. Alipiga simu saa kumi na mbili kusema ameahirisha.

Hakuhongwa, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Mtu aliyehongwa anaweza kusema njaa ilimponza. Yeye aliuza nyumba sitini na moja ili wifi asimseme.

Jumanne alimfuata dereva uani, alikokuwa anafuta vioo vya gari. Walimwita Mzee Breki, kwa sababu aliendesha kana kwamba barabara nzima ni tuta moja refu.

"Mzee, unaikumbuka safari ya ule mto?"

Mzee Breki aliendelea kufuta. "Mimi nakumbuka barabara tu. Ya ndani ya fomu siyajui."

"Ulisema tuzunguke."

"Nilisema." Akakamua kitambaa, maji yakachuruzika. "Halafu nikanyamaza, kwa sababu mimi wa usukani, wewe wa tiki. Tangu siku ile umeshanisikia nakukumbusha?"

"Kwa nini hukunikumbusha?"

"Nilikuwa nangoja useme mwenyewe. Nimengoja sana, mama. Lile gari tulilokwenda nalo limechakaa, limeuzwa mnadani, mimi bado nangoja." Akamtazama kwa mara ya kwanza. "Na mimi niliiona ile taa, usidhani ni wewe peke yako. Nikirudi kwangu jioni, mke wangu akija mlangoni na tochi kunipokea, mwili unanisisimka."

Jumatano asubuhi alipanda kwa mkurugenzi. Mkurugenzi alikuwa mtu mpenda amani, hasa amani yake mwenyewe. Alimsikiliza mpaka mwisho, akainuka, akafunga mlango, akarudi kukaa.

"Nani mwingine anajua?"

"Dereva. Na watu wote wa ng'ambo, ila hawanijui sura."

"Basi hapajaharibika kitu." Akajipigapiga tumbo, dalili kwamba akili inafanya kazi. "Unataka wale watu wapate leseni, sivyo? Watapata leo hii. Andika kwamba ulikagua, nyaya zilikuwepo, kisha mafuriko yakazibeba. Mto ule kila mtu anajua hauna adabu. Eneo lilihudumiwa, sasa halihudumiwi tena. Ushirika unapewa leseni, mkopeshaji anatoa pesa, wewe unabaki na jina lako, mimi nabaki na usingizi wangu. Nani ameumia hapo?"

Ukweli usemwe, Mama Tiki aliipenda hiyo. Alishuka ofisini kwake akaiandika, na iliandikika kwa urahisi wa ajabu, mistari mitano mizuri. Akaichapa. Aliposhika karatasi ikiwa bado na joto la mashine, mabega yalimshuka kama ya mtu aliyetuliwa gunia. Kwa dakika kama kumi hivi alikuwa mtu mwema: anawapa watu umeme, hadaiwi na mtu. Hata chai aliimaliza.

Halafu akaisoma tena, safari hii kwa macho ya yule atakayeipokea. Miaka kumi na moja alikuwa amekaa vikao na wakopeshaji. Anajua wanachouliza hata kabla hawajavua miwani. Nguzo ni za mbao au za chuma? Udongo ukoje? Maji yanapanda mpaka wapi? Mkopeshaji akipewa karatasi yenye mhuri wa serikali inayosema mto ulibeba nguzo na nyaya za nyumba sitini na moja, atafunga faili lake hapo hapo. Nani atachimbia mtambo mahali ambapo mamlaka yenyewe inaapa kwamba mto unakula umeme? Na mto masikini haukubeba hata waya mmoja, maana waya haukuwepo. Ng'ambo yenyewe iko mlimani, maji hayajawahi kuifikia.

Kwa hiyo uongo wa kwanza uliwanyima umeme, na wa pili ungewanyima tena, safari hii kwa nia njema. Mama Tiki alicheka peke yake, kicheko kibaya. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema wazee, ila hawakusema kwamba njia hiyo fupi ina watu wengine wanaoipita pekupeku.

Akaichana. Akaandika nyingine, na hii ndiyo iliyomtoa jasho, ingawa ilikuwa na sentensi tatu tu. Nyumba hizi sitini na moja sikuziingia. Nilizitazama kutoka upande wa pili wa mto, nikaweka tiki. Hazijawahi kuwa na umeme. Chini akaandika jina lake lote, lile la shuleni, ambalo hakuna mtu ofisini aliyelikumbuka.

Mkurugenzi aliisoma akiwa amesimama. "Unajua kinachofuata? Wafadhili wakishajua moja ni ya uongo, watauliza zote. Tiki zako zote za miaka kumi na moja zitakaguliwa upya, nyumba kwa nyumba."

"Zikaguliwe."

Alijibu haraka, ila lilimchoma. Zilikuwemo nyumba alizozifuata mlimani akiwa na mimba ya miezi saba. Zilikuwemo alizozirudia mara tatu kwa sababu mwenye ufunguo yuko shamba. Zote hizo, za haki, kuanzia sasa zilikuwa za mwongo.

"Kusaini nitasaini," mkurugenzi akasema mwishowe, akitafuta kalamu kwa hasira, "kwa sababu umeshaniambia na mimi nimeshasikia, na wewe siku hizi huaminiki kunyamaza. Leseni yao itatoka kesho. Lakini Jumatatu usije. Kaa nyumbani, barua itakufuata."

Alhamisi mkunga alikuja mapema, koti limepigwa pasi mpaka mikono inasimama. Safari hii hakuzungushwa. Mama Tiki alimngoja mwenyewe mlangoni, akampandisha ngazi, akamvutia kiti. Akampa bahasha. Mkunga akavaa miwani, akasoma kwa kidole, neno baada ya neno, midomo ikimcheza. Alipofika kwenye mhuri alipiga kofi moja, akasema "Alaa!" kwa sauti iliyowafanya watu wa malalamiko wachungulie.

Kisha akarudi juu, kwenye mstari aliouruka.

"Hapa wanasema, kwa kuwa mkaguzi amekiri mwenyewe hakuvuka mto." Akashusha miwani. "Amekiri? Mwenyewe? Jamani. Mtu wa namna hiyo siku hizi ni adimu. Yuko chumba gani nikamshukuru?"

Mama Tiki alikuwa amejiandalia maneno tangu usiku, mazuri, yaliyopangika. Aliyaacha yote.

"Ni mimi, mama."

"Wewe ni nini?"

"Mkaguzi ni mimi. Nilikuwa ndani ya lile gari."

Mkunga alimtazama. Mama Tiki aliona uso ule ukimtafutia njia ya kupitia, kwa sababu kazi ya mkunga ni hiyo, kumtafutia mtu njia.

"Mvua ilikuwa kubwa," mkunga akasema taratibu. "Hata mimi gari lenu nililiona kwa shida. Taa yangu ni ndogo. Wewe hukuweza kuiona."

Mlango ndio huo, umefunguliwa, na aliyeufungua ni yuleyule aliyedhulumiwa. Kilichotakiwa ni kuitikia kwa kichwa tu.

"Niliiona, mama. Ilikuwa inakwenda huku na huku. Nilijua ni mtu ananiita."

Mkunga hakupiga kelele. Alivua miwani, akaikunja, akaitia mfukoni. Mkono wake wa kushoto ulipanda wenyewe ukalishika bega la kulia.

"Miaka mitatu," alisema, "najiambia sikuinyanyua juu vya kutosha." Akaitia bahasha kikapuni, chini kabisa, akaifunika kwa lile taulo. "Kumbe niliinyanyua."

"Nisamehe, mama. Nakuomba."

"Mimi unaniomba nini? Aliyeshika ile tochi siyo mimi." Alisimama, kiti kikakwaruza sakafu. "Nyumba ya mpwa wangu ni ya mwisho, juu kabisa, mlango wa bluu. Daraja la chuma unalijua. Nenda kwake. Na ukifika, ile kazi uliyotumwa ufanye siku ile, ifanye kwanza. Halafu ndiyo uombe hayo unayoyaomba."

Alipofika mlangoni alisita, Mama Tiki akadhani atageuka. Hakugeuka. Alikuwa anahamisha kikapu mkono wa pili.

Jumamosi Mama Tiki alipanda basi la kwanza. Mumewe alitaka kumsindikiza, akamkatalia, na alipouliza amwambie nini dada yake aliyekuwa anakuja kula mchana, Mama Tiki alisema, "Mwambie wifi vigae viko palepale, avitazame." Kutoka kituo cha mwisho alikodi pikipiki, wakavuka daraja la chuma, ikamshusha chini ya kilima, akapanda kwa miguu. Kwenye kila ukuta aliopita aliiona mita. Nyingine zimeliwa na kutu kwenye misumari, moja ilikuwa imetundikwa kofia.

Mwenye mlango wa bluu alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, amekaa kizingitini anamenya viazi, na mtoto wa kike kamshika goti, anamzunguka kwa hatua fupifupi. Kijana aliinuka akampa mgeni shikamoo, akamkaribisha ndani, akamfutia kigoda. Hakumwuliza ni nani. Kwanza mgeni apumzike.

Ndani palikuwa na giza la nyumba yenye dirisha moja dogo, na ilikuwa saa nane mchana. Juu, kwenye boriti, ilining'inia balbu ya kampuni, imejaa vumbi. Swichi ilikuwa ukutani kando ya mlango, mahali ambapo swichi huwa.

Mama Tiki hakukaa. Aliisogelea, akaweka kidole, akabonyeza. Akangoja kama alivyofundishwa, akihesabu mpaka tano. Akabonyeza tena. Mtoto aliinua uso, akatazama juu kwenye boriti, kisha akamtazama yeye.

"Hiyo haiwaki, mama," kijana akasema kwa upole, kama mtu anayemwondolea mgeni aibu. "Haijawahi kuwaka."

"Najua," alisema Mama Tiki, kidole kikiwa bado juu ya swichi. "Nimekuja kukwambia kwa nini."